Malezi ya Watoto wa Wazazi Wafanyao Kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika siku ya ukumbusho kama hii ni desturi kutaja misikiti iliyojengwa, madrasa zilizofunguliwa, na wazee waliotangulia mbele ya haki. Mambo hayo yastahili kutajwa. Lakini liko jambo moja lisilotajwa sana katika sherehe, ingawa kila alfajiri huzisumbua nyumba nyingi za mji huu: mzazi aendapo kazini, mtoto wake mdogo abaki na nani? Hotuba hii yahusu swali hilo. Itaeleza kwanza ukubwa wa haja. Kisha jinsi nchi moja ilivyoyafanya malezi ya mchana kuwa wajibu wa mabaraza ya miji yake. Kisha yaliyotendwa karibu zaidi na hapa. Na mwisho, yale ambayo jumuiya yenyewe yaweza kuyatenda bila ya kungoja.

Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mama aliyejifungua mapumziko ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na yampa baba siku 4. Kwa mtu afanyaye kazi siku sita kwa juma, siku 60 ni majuma 10. Shule ya msingi nayo humpokea mtoto atimizapo miaka 6. Basi kati ya siku mama arudipo kazini na siku mtoto aingiapo darasa la kwanza, pana muda wa miaka mitano na zaidi ya miezi tisa. Na huyo ni mama aliyeajiriwa kwa mkataba. Mama auzaye nyanya katika soko la Nakasero, au nguo za mitumba katika soko la Owino, hana mkataba wala mapumziko. Siku asiyouza ndiyo siku nyumba yake isiyopika.

Pengo hilo hujazwa kwa njia nne, na kila njia ina gharama yake. Wengine humwachia mtoto bibi yake. Lakini bibi wa mjini aghalabu naye yumo kazini, au yuko mbali kijijini. Wengine humwachia binti mkubwa wa nyumba. Na binti huyo huacha shule ili mdogo wake apate mtu wa kumtazama, hata mtoto mmoja akalelewa kwa hasara ya mwingine. Wengine huajiri yaya, mara nyingi msichana aliyeletwa kutoka shamba, asiyefunzwa kazi hiyo, alipwaye kidogo, naye huondoka bila ya kuaga apatapo pahali pazuri zaidi. Na wengine huenda na mtoto sokoni, wakamlaza chini ya meza, katikati ya moshi, vumbi na magurudumu ya mikokoteni. Wote hao wawapenda watoto wao. Wamefanya lile lililowezekana, kwa kuwa halikuwako jingine.

Mwajiri naye asidhani kwamba jambo hili ni la jikoni, halimhusu. Yaya asipofika asubuhi, karani hafiki ofisini. Mtoto augipo, mshonaji huomba ruhusa, na cherehani yake hukaa bure. Muuguzi aliyefunzwa kwa miaka huacha kazi mtoto wake wa pili azaliwapo, na hospitali huanza upya kutafuta na kufunza mwingine. Hasara hizo haziandikwi katika daftari la hesabu chini ya jina la malezi. Huandikwa chini ya majina mengine: utoro, uchelewaji, kuacha kazi. Kwa hiyo mwenye mali huziona hasara lakini haioni sababu yake.

Wako wasemao kwamba kumpa mtoto mlezi wa kulipwa ni uzembe wa wazazi wa siku hizi. Yafaa wakumbuke aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara. Aya hiyo, izungumziayo kunyonyesha, yaweka juu ya baba wajibu wa kumpatia mama chakula na mavazi. Yakataza mzazi yeyote kutiwa madhara kwa ajili ya mtoto wake. Na yawaruhusu wazazi kumpatia mtoto mnyonyeshaji mwingine, madhali wamlipa kwa wema. Naye Mtume (S.A.W.) katika utoto wake alilelewa na Bibi Halima wa Banu Saad. Yapatikana hapo mafunzo mawili. La kwanza, mlezi astahili ujira wake. La pili, mzigo wa malezi haukuwekwa juu ya mama peke yake.

Hata hivyo, kulikubali jambo si kulipanga, na historia yaonyesha tofauti iliyopo. Mwaka 1816, huko New Lanark katika Scotland, Robert Owen, mkuu wa viwanda vya kusokota pamba, alifungua shule iliyopokea watoto wadogo wa wafanyakazi wake, hata waliokuwa ndio kwanza wanajua kutembea. Wazazi wakafanya kazi kwa utulivu, na kiwanda chake kikaendelea kupata faida. Lilikuwa jambo jema, lakini lilisimama juu ya hiari ya mtu mmoja. Katika Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Uingereza walipohitajiwa viwandani, serikali ilifungua nyumba za kulelea watoto kwa haraka. Kufikia mwaka 1943 zilikuwa zaidi ya 1,300. Vita vilipokwisha mwaka 1945 serikali ilipunguza msaada wake, na nyingi zikafungwa. Watoto hawakuwa wamekwisha, wala mama wote hawakuwa wameacha kazi; iliyokwisha ni haja ya wakubwa. Malezi yanayotegemea hisani ya tajiri au dharura ya serikali hudumu kadiri hisani na dharura zidumuvyo.

Ndiyo maana Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006, katika England, ni ya kuangaliwa kwa makini. Sheria hiyo haikuishia kusema kwamba malezi ni kitu chema. Iliweka wajibu juu ya mtu anayejulikana, nalo ni baraza la mji au la jimbo. Kila baraza limeamriwa kuhakikisha, kadiri iwezekanavyo, kwamba katika eneo lake pana nafasi za malezi za kutosha kwa wazazi wafanyao kazi, na kwa wazazi wasomao au wanaojifunza kazi ili wapate kuajiriwa. Wajibu huo wahusu watoto tangu kuzaliwa hata umri wa miaka 14, na kwa watoto wenye ulemavu hata miaka 18.

Baraza halikuamriwa kujenga kila nyumba ya kulelea watoto kwa mikono yake. Kinyume cha hayo, sheria yalitaka liwaangalie kwanza watu wengine: shule, vyama vya hisani, wenye biashara, na walezi wapokeao watoto majumbani mwao. Baraza hutoa huduma lenyewe pale tu ambapo hapana mwingine awezaye na akubaliye, au pale ambapo yafaa zaidi litoe lenyewe. Kazi yake kubwa ni kujua, kushauri na kuziba pengo. Yapasa liwape wazazi habari za nafasi zilizopo, liwape walezi mashauri na mafunzo, na kila mwaka litoe taarifa mbele ya madiwani waliochaguliwa, taarifa ambayo wazazi nao waweza kuisoma.

Kujua huko ndiko moyo wa jambo zima, na si kazi nyepesi kama idhaniwavyo. Chukueni mfano wa mtaa mmoja wenye watoto 200 wahitajio malezi ya mchana. Afisa mwenye haraka ataona kwamba nyumba za kulelea zina nafasi 120, ataandika kwamba zapungua nafasi 80, na kazi yake itakuwa imekwisha. Afisa mwenye kupanga atauliza zaidi. Katika nafasi hizo 120, je, 40 zi katika shule zifungwazo saa sita mchana, hali wazazi hutoka kazini saa kumi na moja? Basi zimebaki 80. Je, 30 ziko ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima kwa miguu? Zimebaki 50. Na katika hizo 50, je, 20 zatozwa ada ipitayo nusu ya mapato ya mchuuzi? Basi nafasi zimfaazo mzazi wa mtaa ule ni 30 tu, wala si 120. Mtoto hahesabiwi kuwa amepata nafasi mpaka saa, umbali na bei vipatane na maisha ya mzazi wake.

Hapo ndipo mwajiri anapoingia katika mpango. Baraza lijualo kwamba hospitali hubadilisha zamu saa moja asubuhi laweza kuzungumza na walezi wa jirani ili wafungue milango saa kumi na mbili na nusu. Baraza lijualo kwamba kiwanda kipya chatazamiwa laweza kutafuta walezi na kuwafunza kabla ya kiwanda kufunguliwa. Mwajiri hupata wafanyakazi wafikao kwa wakati na wakaao kazini. Mzazi hupata mshahara bila ya hofu. Na mlezi hupata riziki ya hakika, kwa maana ajua mapema watoto wangapi watakuja.

Mpango bila ya fedha ni karatasi, na England ilitia fedha kidogo kidogo. Tangu mwaka 2010 kila mtoto wa miaka 3 na 4 alipewa malezi ya bure kwa muda wa saa 15 kwa juma, majuma 38 kwa mwaka. Septemba 2017 muda huo ulifanywa saa 30 kwa watoto ambao wazazi wao wafanya kazi. Aprili 2024 watoto wa miaka 2 wa wazazi hao walipewa saa 15. Septemba 2024 wakaingizwa walio na miezi 9. Na Septemba 2025 wote hao, tangu miezi 9, wakapewa saa 30.

Haingekuwa uaminifu kusifu bila ya kutaja kasoro. Sheria za usalama zataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, mmoja kwa watano walio na miaka miwili, na aghalabu mmoja kwa wanane walio na miaka mitatu na zaidi. Kanuni hizo ni za haki, lakini kwa sababu yake malezi huwa ghali, maana mishahara ya watu haipunguziki kama bei ya matofali. Walezi wengi wamelalamika kwamba malipo ya serikali hayafikii gharama, na kwamba wafanyakazi wao huikimbia kazi hii kwa udogo wa mshahara. Mabaraza mengi yenyewe yamekiri katika taarifa zao kwamba nafasi hazitoshi kwa watoto wenye ulemavu, wala kwa wazazi wafanyao kazi usiku na siku za mapumziko. Na saa 30 hupewa wale walio na kazi tayari. Mama aliye maskini kuliko wote, ambaye bado aitafuta kazi, hupata chache kuliko jirani yake. Hata hivyo, kasoro hizo zajulikana kwa sababu zimehesabiwa. Pasipohesabiwa kitu, upungufu haulalamikiwi, kwa kuwa hakuna auonaye isipokuwa mama mmoja mmoja, kila mmoja kivyake.

Sasa yafaa kurudi Afrika ya Mashariki, ambako mambo si kama ya England. Huko wazazi wengi wana mwajiri. Hapa wengi wamejiajiri wenyewe. Je, mpango wa namna hii wafaa watu wa masoko na vibarua? Jibu moja limetoka Korogocho, mtaa wa maskini katika Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, baadhi ya akina mama walipewa hati za kulipiwa ada ya malezi ya mchana, na wengine hawakupewa. Waliopewa walizidi wenzao kuwa na kazi kwa asilimia 8.5, na faida hiyo iliwafikia zaidi walio na waume. Kwa akina mama walio peke yao faida ilikuwa nyingine: waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida bila ya kupoteza mapato yao. Huo ni ushahidi kwamba katika nyumba nyingi za maskini kinachomzuia mama si uvivu wala ujinga. Ni mtoto asiyekuwa na pa kuwekwa.

Jibu la pili limetoka Rwanda. Huko Rubavu, mpakani na mji wa Goma, wanawake wengi huvuka kila siku na matenga yao kwenda kuuza. Karibu na mpaka huo pamewekwa pahali pa kulelea watoto wao wakati wao wako sokoni. Pahali hapo pamewekwa pale njia ya mama ipitapo, na huo ndio upangaji. Wachuuzi hawana mwajiri, lakini wana soko, na soko lina ushuru, halmashauri na mlango. Basi soko lenyewe lasimama pahali pa mwajiri.

Jibu la tatu ni la Waislamu wenyewe, na yasikitisha kwamba vijana wengi hawalijui. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliomba msaada wa Aga Khan kwa ajili ya elimu ya watoto wao. Huko Mombasa mwalimu Bi Swafiya Said akaanza kazi ya kuunganisha mafunzo ya dini na malezi ya watoto wadogo katika majengo ya madrasa, kwa walimu wanawake waliotoka katika mitaa ile ile, chini ya halmashauri za wazazi. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionyesha kwamba watoto wa shule hizo waliendelea katika akili na maarifa kuliko waliobaki nyumbani. Hazikuanzishwa na watu wenye majumba makubwa. Zilianzishwa na watu waliokuwa na chumba kimoja, mwalimu mmoja na daftari.

Lakini shule hizo zilikusudiwa kwanza faida ya mtoto, na masomo yake aghalabu ni ya asubuhi, kwa watoto wa miaka mitatu na zaidi. Mama mwenye mtoto wa miezi sita, au atokaye kazini magharibi, bado swali lake halijajibiwa. Shule nzuri ifungwayo saa sita humfaa mtoto, wala haimfai sana mama wa sokoni. Jumuiya ikitaka kuwafaa wote wawili, haina budi kuziangalia saa za mtoto na saa za mzazi kwa pamoja.

Basi ni lipi liwezalo kutendwa na jumuiya hii? La kwanza ni kuhesabu. Kila msikiti wajua nyumba zake. Akina mama wachache wenye kuaminiwa waweza, katika mwezi mmoja, kupita nyumba kwa nyumba na kuandika: watoto wangapi walio chini ya miaka sita, mzazi huondoka saa ngapi na hurudi saa ngapi, mtoto hubaki na nani, na ni kiasi gani kiwezacho kulipwa kwa siku bila ya kuzuia chakula. Majina ya watu yahifadhiwe, jumla ndizo zitangazwe.

La pili ni kutazama majengo yaliyopo. Madrasa nyingi hujaa alasiri na hukaa tupu asubuhi. Chumba chenye hewa, choo kisafi, maji ya kunawa na ua uliozungushiwa uzio chafaa kulelea watoto, maadamu masharti ya serikali yametimizwa na ruhusa imepatikana. La tatu ni walezi. Wako wanawake wa makamo walioheshimiwa mitaani, waliolea watoto wao na wa wenzao bila ya malipo wala sifa. Wafunzwe usafi, lishe na huduma ya kwanza, kisha walipwe ujira wa haki, maana mlezi asiyelipwa hadumu, na mtoto ahitaji uso ule ule kila asubuhi.

La nne ni kukaa pamoja na waajiri na halmashauri za masoko, si kwa kuomba sadaka, bali kwa kuwaonyesha hesabu. Mwajiri mwenye wanawake 30 katika karakana yake huenda asiweze kujenga nyumba ya watoto, lakini aweza kuchangia nafasi 10 katika chumba cha mtaa, akapata watu wasiochelewa. La tano ni kuipeleka hesabu hiyo barazani. Uganda ina sera ya taifa ya maendeleo ya watoto wadogo tangu mwaka 2016, lakini sera haijui jina la mtaa. Diwani aambiwaye kwamba watoto wateseka atasikitika. Aambiwaye kwamba katika kata yake watoto 200 wana nafasi 30 atalazimika kujibu.

Wala jambo hili lisiachiwe kamati ya akina mama peke yake, kana kwamba watoto hawana baba. Baba ndiye aliyewekewa wajibu wa matumizi, na hesabu ya malezi imo katika matumizi. Wazee wa Kiswahili walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kwa miaka mingi methali hiyo imetajwa katika harusi na akika, na wasikilizaji wakatikisa vichwa. Kazi iliyobaki ni kuitafuta mikono hiyo mingine, kuiandika majina, na kuipangia saa zake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa mji huu, awape wazazi wao riziki ya halali na utulivu wa moyo, na ajaalie ukumbusho ujao ukute daftari la hesabu hiyo limejaa, na angalau mlango mmoja umefunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amin.